Ukurasa wa Kijiko

Kila alasiri, baada ya kutoka shule, Kaliza alivua sare, akala chakula alichowekewa chini ya kawa, kisha akavuka ua kwenda kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Chumba hicho kilitazama barabara ya Nyamirambo. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba wateja watatu wakiingia, wa nne alisimama nje pamoja na waendesha moto, yaani pikipiki, wanaosubiri abiria. Kazi ya Kaliza ilikuwa moja tu. Mama alipima, yeye aliandika.

"Bega, thelathini na nane," mama alisema, utepe ukining'inia shingoni. "Kiuno, sabini na moja. Andika vizuri, usije ukanishonesha gauni la tembo."

Daftari lenyewe lilikuwa la namna yake. Lilikuwa na kurasa zaidi ya mia, lakini halikuwa na jina hata moja. Kila mteja alikuwa na alama yake juu ya ukurasa: mmoja jani, mwingine ufunguo, mwingine sufuria, mwingine mwavuli. Utaratibu huo uliachwa na bibi yake Kaliza, aliyeshona katika chumba hicho hicho kabla ya mama. Fundi cherehani ndiye mtu wa kwanza mtaani kujua nani amenenepa, nani amekonda kwa mawazo, na nani ana mimba ambayo hata mumewe hajaambiwa. Bibi alitaka daftari likianguka barabarani, anayeliokota asiambulie kitu.

"Mtu akikuruhusu umpime, amekupa habari ambayo jirani yake hana," mama alimwambia Kaliza siku alipomkabidhi penseli. "Habari hiyo haitoki humu."

Watu wawili tu duniani walijua alama ipi ni ya nani: Mukamana, yaani mama, na Kaliza mwenyewe. Kaliza alikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo hilo lilimfanya atembee kifua mbele kuliko wenzake wa darasa la sita. Laiti angejua jinsi kifua kile kingekuja kunywea.

Kijiko kilikuwa alama ya Kaze, rafiki yake. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, Nyirahabimana, mama yake Kaze, ambaye alikuwa msusi, alikuja na binti yake saa saba mchana, wakati ambao chumba hakina watu. Alitaka sare. Kisha akasogea karibu na cherehani, akapunguza sauti. Alitaka mfuko mdogo ndani ya sare, ubavuni, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Humo Kaze angeweka dawa yake na kadi yenye namba ya simu ya mama yake.

"Ana kifafa," Mama Kaze alisema. "Anakunywa dawa vizuri, sasa ni mwaka na nusu hajaanguka. Lakini watu wetu unawajua, dada. Wakilisikia neno hilo wanakimbiza vikombe vyao. Anajua daktari, anajua mwalimu mkuu, na sasa wewe."

Kisha akamtazama Kaliza aliyeshika penseli. Mama aliweka mkono begani kwa binti yake.

"Huyu ni mkono wangu wa pili," alisema. "Huyu hasemi."

Kaliza aliinamisha kichwa na kuandika vipimo vya Kaze chini ya kile kijiko. Na kweli, kwa miezi mingi hakusema.

*

Mjomba Usumani, kaka yake mama, alikuwa dereva wa magari ya watalii. Ni mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi ya sauti. Alikuwa ameahidi kwamba Kaliza akifaulu mtihani wa muhula, atampeleka pamoja na marafiki watatu kwenye Bustani ya Nyota, uwanja mpya wa michezo ya familia uliofunguliwa mbele ya mzunguko wa barabara wa Sonatubes. Kaliza alifaulu. Akawachagua Kaze, Pretty na Hirwa, wote wa darasa lake.

Mama Kaze hakukubali mara moja. Mwishowe alimwita Mjomba Usumani pembeni. "Asipande michezo ya kuzunguka wala ya juu," alimwambia. "Ana kizunguzungu." Hakusema zaidi. Kaze mwenyewe alishajua apande nini na aache nini, na alikuwa amechagua mchezo wake tangu wiki iliyopita. Ulikuwa treni ndogo inayopita taratibu kati ya miti na maua, na mama yake alimruhusu.

"Nitakaa behewa la mwisho," alimwambia Kaliza wakiwa ndani ya gari. "Unajua kwa nini? Nione treni yote ikikata kona."

Langoni walipokewa na msichana mchangamfu mwenye kofia ya njano. Jina lake, Connie, lilikuwa limeandikwa kifuani. Alishika tableti mkononi.

"Kila mtoto anavaa bangili," Connie alieleza. "Ndani iko na kifaa kidogo. Inafungua milango ya michezo, inakulipia soda, na mzazi anaona kwenye simu mtoto yuko wapi. Jioni tunawatumia wazazi ripoti ya siku, na picha."

"Basi leo hakuna wa kunipotea," Mjomba Usumani alisema kwa furaha. Kwenye tableti palikuwa na maandishi marefu, na chini yake neno 'Nakubali'. Mjomba alilibonyeza bila kusoma mstari hata mmoja. Kisha akamwona dereva mwenzake kando ya maegesho. "Kaliza, wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo. Jaza fomu zenu, ninakuja."

Kaliza alijaza. Kila jibu lilimpa mtoto nyota, na mtoto ambaye fomu yake imekamilika alipata nyota kumi. Kikundi cha watoto wanne kikifikisha nyota arobaini, kiliruhusiwa kupanda Gurudumu Kuu bila kupanga foleni. Kaliza aliinua macho, akaitazama foleni yenyewe. Ilikuwa imezunguka banda la aiskrimu mara mbili.

Alijaza yake, Pretty akajaza yake, Hirwa akajaza yake. Nyota thelathini. Kaze alikuwa amekwenda kuwaangalia bata kwenye bwawa dogo, hatua chache kutoka pale. Hatua chache tu. Kaliza angeweza kumwita na Kaze angekuja.

Hakumwita. Aliandika jina la Kaze, umri, mtaa, namba ya simu ya mama yake, shule, darasa, na mengine yaliyoulizwa. Fomu ikauliza kimo. Kaliza alikijua. Kilikuwa kwenye ukurasa wa kijiko, sentimita mia moja arobaini na sita, na mkono wake mwenyewe ndio ulioiandika namba hiyo. Akaiandika tena. Nyota ya tisa ikawaka.

Swali la mwisho lilisema: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Si lazima kujibu."

"Bado moja tu, sha," Pretty alisema, akichungulia begani kwake. "Andika chochote, twende."

"Subirini kule, mnanichanganya," Kaliza alijibu, na wenzake wakasogea.

Kidole kilisimama juu ya kioo. Kaliza alijiambia kwamba ni vizuri watu wa bustani wajue, ili Kaze akianguka wamsaidie. Lilikuwa wazo zuri, na lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa la kweli. Lakini macho yake yalikuwa kwenye foleni wakati anaandika. Aliandika neno moja. Nyota ya kumi ikawaka, na tableti ikapiga kengele ya kushangilia.

*

Gurudumu Kuu lilikuwa zuri. Ni lazima kusema ukweli, hata kama ukweli huo baadaye ulimwumiza Kaliza. Kutoka juu waliona paa la uwanja wa Amahoro kule Remera, na magari ya Sonatubes yakisogea taratibu. Chini, Kaze alikuwa amesimama peke yake karibu na banda la aiskrimu, mdogo kabisa, akiwapungia mkono wenye bangili. Kaliza alimpungia pia.

Kisha ikafika zamu ya treni. Kaze alitangulia mbio. Mlangoni palikuwa na mashine ya kugusisha bangili, na juu yake kioo kikubwa kinachomkaribisha kila mtoto kwa jina. Hirwa aligusisha: taa ya kijani, "Karibu Hirwa". Pretty aligusisha: kijani. Kaliza: kijani. Kaze akagusisha yake.

Taa ikawaka nyekundu. Kioo kikaandika kwa herufi ambazo hata mtu wa mwisho kwenye foleni angezisoma: KAZE. KIFAFA. SUBIRI MHUDUMU.

Hirwa ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti. Aliyasoma maandishi hayo pia. Kisha akageuka. "Kaze, wewe una kifafa?"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao alimvuta mtoto wake akamweka upande wa pili. Kaze aliona. Alibaki ameshika chuma cha mlango, akikitazama kioo, kwa sababu jina lake lilikuwa halitoki. Connie alikuja mbio akabonyeza kitu, maandishi yakazima, naye akasema kwa upole kwamba treni haina shida, mtoto anaweza kupanda. Lakini Kaze alikuwa amekwisha geuka. Alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na bata, na treni ikaondoka behewa la mwisho likiwa tupu.

Ndani ya gari, wakirudi, Mjomba Usumani hakuwa na ile sauti yake. "Kaliza," aliuliza, "ni wewe uliandika lile neno?"

Kaliza alikuwa na nafasi moja ya kusema ukweli ukiwa bado mdogo. Aliiacha ipite.

"Hapana, mjomba. Labda bangili inapima yenyewe. Saa za siku hizi si zinapima hata mapigo ya moyo?"

Mjomba Usumani aliamini kwamba mashine za siku hizi zinaweza kila kitu, kwa hiyo akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuendesha. Kwenye kiti cha nyuma Kaze aliitazama bangili yake. Kisha akaificha chini ya mkono wa sweta.

*

Jioni ile ripoti ya siku ilifika kwenye simu za wazazi. Ilikuwa na picha nzuri, ramani ya kila mahali watoto walipopita, na orodha ya walichokunywa. Mama yake Pretty alifurahia picha, akaituma yote kwenye kundi la wazazi wa darasa la sita. Hakusoma mpaka mwisho. Mstari wa mwisho ulisema: "Kaze, mchezo mmoja ulizuiwa. Sababu: kifafa."

Jumatatu darasa zima lilijua. Manzi, aliyekaa dawati moja na Kaze, alihamia nyuma bila kuombwa. Saa ya chakula, kikombe cha Kaze kilibaki peke yake kwenye kona ya meza, kana kwamba nacho kina homa. Mwalimu Sibomana alikaripia, lakini huwezi kumkaripia mtu mpaka akakaa karibu na mwenzake kwa hiari. Jumanne Kaze alikuja. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja.

Alhamisi hiyo, saa kumi, Mama Kaze aliingia kwenye chumba cha ushonaji. Kaliza alikuwa nyuma ya pazia akipanga vifungo.

"Nimekuja kuchukua kitenge changu," Mama Kaze alisema.

"Bado sijakikata, dada. Ulisema cha harusi ya mwezi ujao."

"Najua. Nipe hivyo hivyo."

Mukamana aliinuka. "Kuna nini, Mama Kaze? Kama ni habari ya mtoto, nimesikia, na nimeumia. Ihangane, pole sana."

"Kaka yako aliniambia bangili ndiyo iliyojua. Mimi ni msusi, sikusoma mambo ya mashine, lakini nina akili. Bangili haiwezi kujua neno kifafa. Mtu ameiambia. Na neno hilo nililisema mahali patatu. Daktari hakwenda bustani. Mwalimu mkuu hakwenda bustani. Aliyekwenda ni kaka yako." Alinyoosha mkono. "Sikugombezi. Nilikuamini, basi. Nipe kitenge."

Mama hakujitetea. Alisema tu, "Sikumwambia," mara moja, kisha akakunja kitenge vizuri, pembe kwa pembe, akakitia kwenye mfuko wa karatasi. Nyuma ya pazia Kaliza alishika kopo la vifungo kwa mikono miwili. Mama Kaze alitoka, akapotea kati ya honi za moto barabarani.

Siku iliyofuata alikuja mteja wa alama ya ufunguo, akachukua nguo yake ikiwa nusu. Baada yake, yule wa mwavuli alituma mtoto kusema hatakuja tena. Mtaani habari haihitaji bangili. Mama alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga, akafungua daftari, akalifunga. Bibi alishona humo miaka thelathini na hakuwahi kupoteza mteja kwa sababu ya mdomo.

Kaliza alikuwa akimtazama. Alijua kwamba neno moja lake lingemsafisha mama, na alijua neno lenyewe. Alikuwa amelibeba siku sita na lilikuwa limemchosha kuliko mzigo wowote wa kuni.

"Mama," alisema, "si bangili. Ni mimi."

Akaeleza yote. Bata, fomu, kimo, swali la mwisho, foleni iliyozunguka banda la aiskrimu. Akaeleza na uongo wa kwenye gari. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakupiga kelele, na Kaliza angependa apige.

"Ulipata nini?" mama aliuliza.

"Nyota kumi."

"Za kufanyia nini?"

"Tusipange foleni."

Mama aliutoa utepe shingoni akauzungusha polepole kwenye vidole vyake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Jana nilisimama hapa mbele ya Mama Kaze nikiitwa mmbeya, na wewe ulikuwa nyuma ya pazia hilo."

"Yego, mama, nilikuwepo."

"Vaa viatu."

*

Nyumba ya akina Kaze haikuwa mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali. Mama Kaze alifungua mlango, akawaona, akasita, kisha akawakaribisha kwa sababu mgeni hafukuzwi mlangoni. Mukamana hakukaa. Alimsogeza Kaliza mbele.

"Sema kama ulivyoniambia," alisema.

Kaliza alisema. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyemsaidia kuiunga. Alipomaliza, Mama Kaze alikaa chini taratibu.

"Kwa hiyo nilikuonea, Mama Kaliza," alisema.

"Ulikosea mtu, hukukosea nyumba," Mukamana alijibu. "Mimi nilikuambia huyu hasemi. Hilo ni langu."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Kaze alitoka. Alikuwa amekonda usoni, au pengine ni Kaliza aliyemwona hivyo.

"Nilidhani ilinipima kichwa," Kaze alisema. "Ile bangili. Niliizika kwenye jivu la jiko, na bado usiku nilihisi inanipima. Nilidhani kila mashine nitakayopita itasema." Akamtazama rafiki yake. "Nilikuwa hapo kwa bata, Kaliza. Ungeniita."

"Nisamehe."

"Ungeniita tu," Kaze alirudia, kisha akarudi ndani akafunga mlango.

Kesho yake wote walikwenda Bustani ya Nyota: mama wawili, watoto wawili, na Mjomba Usumani. Mjomba alikuwa ametahayari kuliko watu wote. Njia nzima alisema ni yeye aliyebonyeza 'Nakubali' na kumwachia mtoto kazi ya mtu mzima. Hakuna aliyempinga.

Connie aliwakumbuka. Alimwita mkuu wake, mzee mpole aitwaye Mugenzi, ambaye aliifungua habari ya Kaze kwenye kompyuta. Mama Kaze alisogea kutazama. Palikuwa na mstari mwekundu ukionyesha kila hatua ya binti yake. Alifika kwa bata saa nne na dakika tano. Alikwenda chooni mara mbili, dakika zikiwa zimehesabiwa. Alikaa kwenye benchi peke yake dakika hamsini na moja. Palikuwa na picha kumi na tisa. Moja ilionyesha Kaze kwenye benchi hilo akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Hii nayo mliihifadhi ya nini?" Mama Kaze aliuliza.

Mugenzi alivua miwani. "Kamera hupiga zenyewe, mama. Hatukuwahi kujiuliza ni za nini."

"Basi jiulizeni. Na hii ifuteni, na yote."

"Sheria inakupa haki hiyo," Mugenzi alisema, na akafuta mbele ya macho yao, mstari kwa mstari. Aliahidi kwamba kuanzia siku ile kioo hakitaandika ugonjwa wa mtu, na kwamba swali lile litajibiwa na mzazi peke yake, kwa siri, au lisijibiwe kabisa. "Lakini ripoti iliyokwisha ingia kwenye simu za watu, siwezi kuifuata huko," aliongeza. "Kwa hilo naomba radhi, sina dawa."

Connie alimwuliza Kaze kama angependa kupanda treni, bila bangili. Kaze aliitazama ikipita kati ya maua. Alitikisa kichwa kukataa.

*

Jumatatu Mwalimu Sibomana alimleta muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alieleza darasani kwamba kifafa hakiambukizi kwa kikombe, wala kwa mate, wala kwa kukaa dawati moja, na kwamba mwenye kutumia dawa vizuri husoma na kucheza kama wengine. Alifundisha pia namna ya kumsaidia mtu akianguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni. Kaliza aliomba ruhusa, akasimama mbele ya wenzake, akasema ni nani aliyeandika lile neno na kwa sababu gani. Pretty alilia. Mama yake Pretty aliomba radhi kwenye kundi la wazazi, akawasihi wote waifute ripoti. Wengi waliifuta, ila hakuna ajuaye kama ni wote.

Jumatano Kaze alirudi shule. Manzi alirudi kwenye dawati la zamani, akasema kule nyuma hauoni ubao. Hirwa alijitahidi siku nzima asisome kitu kwa sauti. Kaze alimsalimia Kaliza vizuri, kama unavyomsalimia mtu wa darasa lingine.

Wateja nao walirudi mmoja mmoja, kwa sababu Mama Kaze alipita mwenyewe kwa kila mmoja kusema alimkosea fundi. Alirudi pia na kitenge. Siku hiyo Kaze alikuja naye, maana sare ilikuwa imembana. Mukamana alichukua utepe. Kaliza, bila kuambiwa, aliweka penseli juu ya meza, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya nje. Kupitia pazia alisikia sauti ya mama ikitaja namba chini chini na kuziandika mwenyewe. Alijiziba masikio kwa viganja.

Jioni, wakifagia vipande vya vitambaa, mama alimwonyesha daftari. Lilikuwa jipya. Kaliza alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na jani, wala ufunguo, wala mwavuli. Palikuwa na alama ambazo hakuwahi kuziona, na hakuijua hata moja ni ya nani. Alitafuta kijiko mpaka mwisho.

"Umebadilisha zote," alisema.

"Zote. Siku tatu nilinakili." Mama alikaa, akamkalisha karibu. "Sikiliza, Kaliza. Habari ya mtu ni yake, hata ukiijua wewe. Kuijua hakuifanyi iwe yako. Anayeruhusiwa kuitoa ni yeye, na ukitaka kuitoa, hata kwa wema, unamwita kwanza unamwuliza. Mashine itakuuliza jina lako, ugonjwa wako, nyumba yako, na itakupa nyota ili usifikiri. Wewe fikiri. Unaweza kukaa kimya, hakuna ubaya. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako mgongoni."

"Na penseli?" Kaliza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Penseli itakungoja. Siku ile nilikupa kwa sababu wewe ni binti yangu. Safari hii utaipata wateja wakiniambia wanataka uandike wewe."

Mwaka ule ulikwisha bila mteja kusema hivyo. Kaliza alifagia, alipanga vifungo, na kila mtu alipopimwa alitoka nje. Likizo ilipokaribia, Kaze alikuja tena kupunguziwa sketi. Aliingia, akapimwa, akatoka. Alisimama mbele ya ngazi, kisha akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Mama ananipeleka kwenye treni Jumamosi," alisema. "Bila bangili."

"Behewa la mwisho?"

"La mwisho." Kaze alichezea uzi uliokuwa sketini. "Kuna kitu kingine nilitaka kukuambia. Lakini si leo."

"Sawa," Kaliza alisema.

Alingoja. Kaze hakuongeza neno, na Kaliza hakuuliza.